Daftari la Madau

Jumanne, 5 Machi 2024. Leicester.

Leo tumetia dau letu la kwanza: pauni 255,000. Nyumba iko Evington, ya matofali mekundu, vyumba vitatu, imeshikana na za majirani huku na huku. Bei iliyotangazwa ni pauni 260,000. Nilipiga simu wakati wa mapumziko, nimesimama kwenye korido ya wodi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Aliandika jina, akaandika kiasi, kisha akauliza kama tumeshazungumza na mshauri wao wa mikopo. Nikamwambia hatuna haja naye. Tunanunua kupitia benki ya Kiislamu: benki inaingia ubia nasi, na sisi tunainunua sehemu yake polepole mpaka nyumba iwe yetu. Barua ya benki ninayo, na asilimia 20 ya bei tumeshaitenga, fedha za miaka mingi ya zamu zangu za usiku na za baba watoto kuendesha basi. Akajibu kwamba huo ndio utaratibu wa ofisi: bila kuonana na mshauri wao, dau haliendi kwa mwenye nyumba.

Nimekata simu na hasira yangu mpaka sasa haijapoa. Mshauri huyo anauza mikopo ya riba, na kila mteja anayemnasa ofisi inapata fungu lake. Kwa nini neno langu lisimfikie mwenye nyumba mpaka kwanza nikakae mbele ya mtu anayeniuzia nisichokitaka?

Jumatano, 6 Machi

Usiku wa jana baba watoto aliketi na kompyuta mpaka saa saba, na asubuhi aliniachia karatasi mezani. Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya hapa ni ya 1979. Chini yake ipo amri ya 1991 inayotaja matendo yasiyofaa, na nimeisoma nikiona simu yangu ya jana ndani yake. Wakala anatakiwa kumfikishia muuzaji kila dau bila kuchelewa, tena kwa maandishi, isipokuwa yale ambayo muuzaji mwenyewe ameandika kwamba hataki kuletewa. Haruhusiwi kumbagua mnunuzi kwa sababu amekataa huduma za ofisi. Haruhusiwi kusema kuna dau lingine wakati halipo, wala kudanganya kiasi chake.

Nimewaandikia barua pepe nikiitaja amri hiyo na mwaka wake, nikaambatisha barua ya benki. Kabla ya adhuhuri wamejibu kwa mstari mmoja: dau limefikishwa. Habari za mshauri hazikutajwa tena.

Nafurahi, lakini nawafikiria wasioweza kuandika barua kama ile. Hapa mtaani kuna Waswahili wenzetu, Wasomali, Wahindi waliotoka Uganda na Kenya, wazee ambao shughuli zao zote za Kiingereza hufanywa na watoto wao. Wao wakiambiwa “utaratibu wa ofisi”, wataufuata.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tano na dakika ishirini asubuhi simu imelia. Dau letu limekataliwa, na “kuna mnunuzi mwingine ameshapanda juu yenu”. Nikauliza amepanda kiasi gani, hawezi kusema. Nikauliza limeingia lini. Asubuhi hii hii. Akanishauri kwamba kama tunaitaka nyumba, tuongeze leo.

Tumeshauriana na baba watoto kwa simu, yeye yuko kituo cha mabasi na mimi wodini, kisha alasiri tukapanda hadi pauni 262,000. Pauni 7,000 kwa siku moja, kwa ajili ya mtu ambaye ushahidi pekee wa kuwepo kwake ni sauti ya kijana anayelipwa na muuzaji.

Huenda mtu huyo yupo. Jina lake silitaki wala kazi yake hainihusu. Nataka kujua mambo mawili tu: ametia ngapi na saa ngapi. Mtu akiombwa kuongeza maelfu ya pauni, hayo si mengi ya kuuliza.

Na hata dau likikubaliwa, nchi hii haimfungi mtu kwa kukubali. Hapa Uingereza, mpaka mawakili wabadilishane mikataba iliyotiwa saini, muuzaji anaweza kumwacha aliyemkubali akamchukua aliyeongeza. Wiki nyingi hupita katikati, mnunuzi ameshalipia ukaguzi wa nyumba na wakili, na bado anaweza kupigiwa simu kuambiwa ametokea mwingine.

Jumanne, 12 Machi. Ramadhani ya pili.

Wameandika: wote waliotia madau walete dau lao la mwisho kwa barua pepe kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Kila mtu aandike bila kujua mwenzake ameandika nini. Muuzaji atachagua.

Baada ya futari watoto wameondoa vyombo, sisi tukabaki mezani na karatasi. Upande mmoja tumeandika tulichonacho, upande wa pili tunachoweza kulipa kila mwezi. Mthamini wa benki akisema nyumba ina thamani ya 260,000 na sisi tumekubaliwa kwa zaidi, tofauti yote itatoka mfukoni mwetu. Kwa hesabu hiyo tulitakiwa kuishia 265,000. Baba watoto akaandika 265,000, akaikata. Akaandika 268,000. Mimi nikasema wengi hupenda tarakimu kamili, tuongeze mia tano tumpite atakayeandika 268,000. Ndiyo ikawa 268,500.

Nimeitazama karatasi hiyo sana. Mpaka 265,000 ni hesabu ya vipato vyetu. Zile 3,500 za juu hazina sababu yoyote isipokuwa kwamba hatuoni.

Jumatatu, 18 Machi

Tumekosa. Kijana amesema tulikaribia sana. Nikauliza tulikaribia kwa kiasi gani, akasema hiyo ni siri ya wateja.

Siri gani? Nyumba ikishasajiliwa kwa mwenyewe mpya, bei aliyolipa hutangazwa na Msajili wa Ardhi, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa hata peni. Bei za mauzo ya Uingereza na Wales yaliyofanyika tangu 1995 ziko wazi. Kwa hiyo kiasi cha mwisho nitakijua baada ya miezi michache, nitake nisitake. Kinachofichwa ni njia iliyotumika kufika hapo: nani alitangulia, nani aliongeza baada ya kuambiwa nini.

Watoto walikuwa wameshagawana vyumba. Mdogo amelia. Nimemwambia nyumba za Mungu ni nyingi, kisha nikaingia jikoni kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na la kuongeza.

Alhamisi, 21 Machi

Darsa ya leo baada ya tarawehe ilikuwa juu ya biashara. Sheikh alieleza najash: Mtume amekataza mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili mwingine anase. Akaongeza kwamba imekatazwa pia mtu kuingilia mapatano ya ndugu yake yaliyokwisha kukamilika. Wanazuoni wamehitilafiana kama mauzo yenyewe yanabatilika, lakini kwamba kitendo ni haramu hakuna aliyehitilafiana.

Nimesikiliza nikiwaza nyumba ya Evington. Mnada ambao fiqhi inauzungumzia ni wa hadharani: bidhaa iko mbele ya watu, kila bei inasikiwa na wote. Hapo mdanganyifu anahitaji mshirika, mtu mwenye uso na jina, asimame katikati ya soko atie bei ya uongo mbele ya macho ya watu. Anaweza kutambuliwa kesho. Kwenye simu haihitajiki hata hiyo jitihada. Sentensi moja inatosha: kuna mwingine ameshapanda.

Simtuhumu kijana yule. Ninachosema ni kwamba tumeiondoa hadhara iliyokuwa ikimzuia mtu asidanganye, na mahali pake hatujaweka kitu.

Jumapili, 24 Machi

Nimezungumza na wifi aliye Bergen, Norway. Alinunua nyumba yake ya ghorofani mwaka juzi. Nilipomsimulia yaliyotupata alinyamaza kwanza, kisha akauliza, “Sasa wifi, orodha ya madau walikunyima kwa sababu gani?” Sikujua anazungumzia orodha ipi.

Amenipigia picha akanitumia. Karatasi imechapwa na mfumo wa ofisi ya wakala: kila dau liko kwenye mstari wake, tarehe, saa na dakika, kiasi, na muda ambao dau hilo linakwisha. Tangu 2014, dau la nyumba Norway lazima litiwe kwa maandishi, na kukubaliwa kwake vilevile. Mtu hujitambulisha kwa kitambulisho cha kielektroniki cha benki kabla ya kutia. Kila dau jipya linapoingia, wakala huwaarifu wengine kwa ujumbe wa simu. Hapeleki dau ambalo muda wake unakwisha kabla ya saa sita mchana ya siku ya kazi inayofuata siku ya mwisho ya watu kuja kutazama nyumba, ili asiwepo wa kuharakishwa. Na dau huko linafunga: likishamfikia muuzaji, aliyelitia hawezi kulirudisha nyuma mpaka muda wake uishe.

Wifi kama mnunuzi alipewa orodha kamili yenye majina. Waliokosa wana haki ya kuomba nakala isiyo na majina. Uwakala wenyewe unahitaji kibali, na msimamizi ni mamlaka ile ile inayosimamia mabenki. Jirani zao wa Sweden wanafanya kwa namna yao: huko dau halimfungi mtu mpaka mkataba utiwe saini, lakini wakala analazimika kuandika kila dau, na orodha yenye majina na namba za simu hukabidhiwa muuzaji na mnunuzi. Anayetaka kuhakikisha mshindani wake alikuwa mtu wa kweli anaweza kumpigia.

Wifi anasema alipanda bei mpaka mwisho wa uwezo wake na hakufurahia hata kidogo. Nyumba za huko ni ghali, na mtindo wa wazi haukuzipunguza bei. Lakini kila alipoongeza alijua anaongeza juu ya nini.

Jumamosi, 30 Machi

Kaka amepiga simu kutoka Tanga kuulizia hali ya mfungo. Nilipomweleza alicheka kwa uchungu, akanikumbusha kiwanja cha marehemu baba.

Sisi tulitaka shilingi milioni 40. Dalali akasema sawa, mteja atampata. Mteja alipatikana, lakini kila tulipotaka kukutana naye dalali alikuwa na udhuru: mteja yuko safari, mteja hapendi maneno mengi. Siku ya kuandikishana tukakaa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti akachukua kalamu, akamuuliza mnunuzi kiasi, na mnunuzi, mama wa makamo aliyekuwa na fedha zake kwenye mkoba wa khanga, akasema milioni 48. Kaka anasema dalali ndiye peke yake chumbani ambaye hakushtuka. Milioni nane zilikuwa cha juu chake, mbali na kamisheni tuliyokwisha kukubaliana. Mama yule alidhani sisi ndio wagumu wa bei, na sisi tulidhani yeye ndiye anayetukwepa.

Kenya imekuwa na sheria ya mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Kwetu Tanzania madalali wengi wa mitaani hawana mtihani waliofanya wala mahali wanapowajibishwa. Nilipohamia huku nilidhani hilo ni tatizo la kwetu. Kumbe hapa Uingereza nako mtu anaweza kufungua ofisi ya uwakala kesho bila leseni ya kazi hiyo na bila mtihani wowote, mradi amejiunga na taasisi ya usuluhishi na amejisajili kwa ajili ya sheria za utakatishaji fedha.

Ila meza ya mwenyekiti wa mtaa ilifanya jambo moja ambalo sikulipata hapa. Iliwakutanisha muuzaji na mnunuzi, kiasi kikatajwa kwa sauti mbele ya wote, na uongo ukaonekana pale pale. Tulichelewa, lakini tuliona.

Jumatano, 3 Aprili

Baba watoto amepata jambo kubwa. Wakala wetu ni mwanachama wa The Property Ombudsman, mojawapo ya taasisi za usuluhishi ambazo kila wakala amelazimika kujiunga nazo tangu 2008. Taasisi hiyo ina kanuni za maadili kwa wanachama wake. Humo imeandikwa kwamba wakala ahifadhi kumbukumbu ya kila dau analopokea, pamoja na tarehe na saa, na kwamba aliyetia dau kwenye nyumba hiyo akiomba, aonyeshwe, mradi habari za binafsi za wengine zilindwe.

Haki hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyetuambia. Haimo kwenye tangazo la nyumba, haimo kwenye barua yao, na kijana aliyeniambia “siri ya wateja” ama hakuijua ama aliijua. Nimewaandikia leo kuomba orodha.

Jumanne, 16 Aprili

Idi imepita, na leo orodha imekuja. Ukurasa mmoja. Sisi ni Mnunuzi A.

6 Machi, 11:52, A, 255,000, limekataliwa.
7 Machi, 15:40, B, 258,000.
7 Machi, 16:05, A, 262,000.
15 Machi, 10:18, A, 268,500.
15 Machi, 11:47, B, 271,000, limekubaliwa.

La kwanza nililoliona limenitoa mzigo kifuani: B ni mtu wa kweli. Aliipata nyumba kwa kutoa zaidi, na nyumba ni haki yake. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimbeba mtu ambaye sikujua kama yupo, na karatasi hii imemaliza hilo. Kama ningepewa 18 Machi, nisingekuwa na dhana mbaya juu ya mtu yeyote siku zote hizo.

Kisha nikasoma saa. Mimi niliambiwa kuna aliyetupita saa tano na dakika ishirini asubuhi. Dau la B limeandikwa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Katikati kuna zaidi ya saa nne.

La tatu: dau letu la simu, la 5 Machi, halimo kabisa. Orodha inaanza na siku nilipotuma barua pepe. Nililolisema kwa mdomo ni kama sikulisema.

La nne ni fedha. B alikuwa 258,000. Tulipanda hadi 262,000 kumpita mtu aliyekuwa amefika pauni 4,000 chini ya hapo. Na dau letu la mwisho lilifika saa nne na dakika kumi na nane, kwenye sanduku la barua pepe linalofunguliwa na yeyote aliye ofisini, huku B akiandika la kwake zikiwa zimebaki dakika kumi na tatu. Sidai kwamba kuna aliyemwambia. Nadai kwamba utaratibu huu haumwezeshi mtu mwema kuthibitisha kuwa hakumwambia.

Kesho nitapeleka malalamiko rasmi kuhusu zile saa nne.

Jumamosi, 27 Aprili

Mwenzangu wa wodini anauza nyumba yake. Leo wakati wa chai alikuwa na mawazo: wakala wake anamsukuma akubali dau la kwanza, anamwambia soko limelala na huyu mnunuzi asimpoteze. Amemuuliza kama kuna wengine, akajibiwa kwa simu kwamba “hakuna wa maana”. Hajaonyeshwa kitu chochote kilichoandikwa.

Nimemfanyia hesabu kwenye kitambaa cha karatasi. Kamisheni yake ni asilimia 1.2. Akisubiri akapata pauni 10,000 zaidi, yeye anapata karibu zote, ofisi inapata 120. Kwa 120 hakuna ofisi itakayotaka kuendelea kupeleka watu kutazama nyumba kwa wiki mbili nyingine. Hili limepimwa Marekani: wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya karibu nyumba 100,000 za vitongoji vya Chicago, wakaona kwamba mawakala walipouza nyumba zao wenyewe walizisubirisha sokoni karibu siku kumi zaidi na kupata bei ya juu kwa zaidi ya asilimia 3 kuliko nyumba za wateja zinazofanana nazo.

Nilikuwa nikidhani kilio hiki ni cha wanunuzi peke yetu. Mwenzangu ni muuzaji, ndiye anayelipa, na yeye pia yuko gizani. Nimemwambia aombe kila dau kwa maandishi, kwa kuwa amri ya 1991 iliandikwa kumlinda yeye kabla ya kunilinda mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Jibu la ofisi limefika. Wanasema B alitia dau lake kwa simu asubuhi ile, na aliyepokea aliliingiza kwenye mfumo alasiri alipopata nafasi.

Naona inawezekana. Dau letu la simu nalo halikuandikwa siku lilipotiwa, basi huenda ndivyo ofisi ile inavyofanya kazi. Lakini maelezo hayo hayo yangetolewa pia na mtu aliyesema uongo saa tano kisha akabahatika kupata mnunuzi saa tisa. Msuluhishi ana uwezo wa kuamuru fidia hadi pauni 25,000, na atasoma nini? Atasoma ukurasa ule ule nilionao mimi, ulioandikwa na anayelalamikiwa, kwa saa aliyoichagua mwenyewe. Idara ya serikali inayosimamia biashara inaweza hata kumpiga wakala marufuku chini ya sheria ya 1979, nayo itahitaji ushahidi ambao hauko popote.

Hapo ndipo nimeielewa karatasi ya wifi. Nilidhani nguvu yake ni kwamba inaonyeshwa. Nguvu yake inaanzia mapema zaidi: dau la mdomo halipo. Saa inapigwa na mfumo pale dau linapoingia, hakuna anayeliandika “alipopata nafasi”. Sheria ya hapa imekataza uongo tangu 1991, lakini imemwachia kalamu yule anayeweza kusema huo uongo.

Nitayapeleka malalamiko kwa msuluhishi hata hivyo. Siombi fedha. Naomba ofisi ile iamriwe kuandika dau saa ile ile linapotiwa.

Jumamosi, 25 Mei

Jumatano Waziri Mkuu ametangaza uchaguzi, akiwa amesimama kwenye mvua: utafanyika 4 Julai. Bunge limefanya haraka kupitisha yaliyobaki, na jana mageuzi ya umiliki wa nyumba za kupangishiwa ardhi kwa miaka mingi yamekuwa sheria. Leseni kwa mawakala haimo. Kamati iliyoongozwa na Lord Best ilipendekeza tangu Julai 2019 kwamba mawakala wawe na leseni, mitihani, kanuni moja ya maadili inayowafunga wote, na msimamizi huru. Ripoti ipo, imesomwa, imesifiwa. Miaka karibu mitano.

Wagombea wataanza kugonga milango. Baba watoto anasema tuwe na karatasi tayari nyuma ya mlango.

Jumapili, 9 Juni

Barua ya wagombea nimeimaliza. Ina madai matatu, nayaandika hapa kwa ufupi.

Kwanza, dau la nyumba lisihesabiwe mpaka liwe kwa maandishi, na saa yake ipigwe na mfumo. Mzee asiyeandika asaidiwe kuandika pale pale ofisini, apewe nakala.

Pili, nyumba ikishauzwa, kila aliyetia dau apelekewe orodha isiyo na majina, bila kuomba. Haki inayomfikia aliyebahatika kusoma kanuni za taasisi moja inawaacha wengine wote nje.

Tatu, asiyekuwa na leseni asiruhusiwe kupokea dau. Kwa familia nyingi nyumba ni ununuzi mkubwa kuliko wowote watakaoufanya maishani. Anayesimama katikati ajulikane ni nani, amefunzwa nini, na anaweza kunyang’anywa nini akikosa uaminifu.

Watasema inaongeza gharama. Mfumo ule wa ofisi tayari unaandika saa na dakika, nimeziona kwenye ukurasa wao. Watasema ni faragha. Bei itatangazwa na Msajili wa Ardhi, na herufi A na B hazimfichui mtu.

Jumatano, 12 Juni

Tumetia dau kwenye nyumba nyingine, Oadby, kupitia wakala mwingine. Safari hii sikupiga simu. Nimeandika kwanza barua pepe yenye barua ya benki na ombi kwamba nijulishwe kiasi na saa ya kila dau lililotangulia, bila majina, muuzaji akiridhia.

Mama mwenye ofisi amejibu kabla ya alasiri. Muuzaji ameridhia. Kuna dau moja, limetiwa jana saa kumi na nusu jioni, pauni 264,000. Ametuandikia kwamba hata yeye anapenda hivi, kwa sababu hakuna atakayemshuku baadaye. Tumeshauriana, tumetia 266,000, hatujaongeza senti ya hofu. Yule mwenzetu naye ameshajulishwa, na akitaka kutupita anajua pa kuanzia.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mama huyu kufanya alichofanya leo, na iliyopo haikutosha kumzuia yule wa kwanza kufanya alichofanya Machi. Ninachotaka ni mnunuzi apate alichopata leo bila kutegemea bahati ya kuangukia kwa wakala mwema.